Wufa na ampu: soma RMS, si zile wati za kwenye boksi

Wenye magari hapa Nakuru, ile "wati 2000" iliyochapishwa kwenye boksi isiwababaishe. Tafuteni RMS, nguvu ambayo kifaa kinahimili mfululizo. Wufa (spika ya besi) ya RMS 500 ipewe ampu (kikuza sauti) ya RMS 500, tena kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zile zile. Hapa ndipo wengi hukosea. Wufa yenye koili (nyaya zilizozungushwa ndani ya spika) mbili za omu 4, ukiziunga sambamba unapata omu 2. Ukiziunga kwa mfuatano, 8. Ampu isiyomudu omu 2 itachemka na kujizima, au iungue kabisa.

Ampu ya RMS 500 ikifunguliwa yote huvuta takriban ampea 45. Basi waya wa kutoka kwa betri uwe shaba halisi, unene wa namba 4 (alumini iliyopakwa shaba ni bei nafuu lakini hupoteza volti), fyuzi ya ampea 60 isizidi sentimita 45 kutoka kwa betri, na ethi (waya wa hasi) fupi kwenye chuma cha gari kilichokwanguliwa rangi. Fyuzi hiyo hulinda waya usishike moto.

Na tafadhali, geini (kirekebisho cha ampu cha mawimbi yanayoingia) si kitufe cha sauti! Ukiizidisha, mawimbi hukatwa vilele na koili huungua, hata ampu ikiwa ndogo.