Namba ya tatu: siku moja ya katibu wa mbunge, Mbeya

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa Mei hakuna mtu wa Mbeya anayetoka kitandani kwa hiari yake. Mimi nimetolewa na simu. Mheshimiwa ametuma picha ya Orodha ya Shughuli za Leo kutoka Dodoma, na chini yake maneno mawili: "Namba tatu." Swali letu la viazi limepangwa leo.

Mimi ni katibu wa mbunge wa jimbo moja la vijijini hapa mkoani. Jimbo silitaji, ili niseme ninavyoona bila kumchongea mtu. Wengi wanadhani kazi yangu ni kupanga miadi na kupokea kadi za harusi, na kadi kweli zinakuja, tena kwa wingi. Lakini kazi ninayoipenda ni kuandika maswali.

Saa 12:30

Daladala kutoka Uyole. Malori ya Tunduma yamejaa barabarani na kila mtu kwenye gari ana maoni kuhusu upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Kaka mmoja nyuma yangu anasema wabunge wa siku hizi hawaongei. Nimekaa kimya. Wangapi wanaongea dakika zao zote, waziri akarudi kwenye kiti chake bila kudaiwa chochote?

Saa 1:30 asubuhi

Ofisini. Mzee wetu wa ulinzi ameshawasha jiko la mkaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo ndiyo leo?" Anajua, maana tumelizungumza swali hili mpaka naye amelishika kwa kichwa.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwa maneno tu ni mamlaka makubwa, ila nguvu yake yote iko kwenye sentensi mbunge anayoiandika. Swali hupelekwa mapema, kwa maandishi, kwa Katibu wa Bunge. Linapitiwa kama limefuata kanuni: lisiwe hotuba, lisibebe matusi wala hoja za ubishi, lisiguse kesi iliyoko mahakamani. Kisha linakwenda wizarani. Huko wataalamu wanaliandalia jibu, linapanda ngazi, linasomwa na wakubwa, na siku ya siku Naibu Waziri anasimama na karatasi iliyonyooshwa mpaka haina kona.

Kwa hiyo swali la msingi, yaani hilo la maandishi, halimkamati mtu kwa kushtukiza, wala halikuwekwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kumfanya waziri aseme jambo fulani kwa kauli rasmi. Kumbana kunakuja kwenye maswali mawili ya nyongeza, ambayo mbunge anayauliza papo hapo na ambayo wizara haikuyaona. Asubuhi hii yote nimeitumia kwa nyongeza.

Swali lenyewe lilianza kwenye barua ya viongozi wa vijiji. Waliandika hivi: "Je, Serikali haioni haja ya kuwaonea huruma wakulima wa viazi wanaonyonywa kwa lumbesa?" Lumbesa ni gunia linaloshindiliwa kupita kipimo. Nawaheshimu wazee wale, lakini "haioni haja" ni zawadi kwa waziri. Atasimama, atasema Serikali inaiona haja hiyo, meza zitapigwa, basi. "Serikali ina mkakati gani" ni mlango mwingine mpana: mikakati haijawahi kuisha nchi hii. Hata "ni lini", ambalo ndilo swali linalopendwa kuliko yote, lina jibu lake lililokaa tayari: kadri ya upatikanaji wa fedha.

Mheshimiwa na mimi tuliligeuza mara kadhaa kwa simu mpaka likawa hivi: "Je, ni vituo vingapi vya kununulia viazi mkoani Mbeya vilivyokaguliwa na Wakala wa Vipimo katika mwaka wa fedha uliopita, na ni hatua gani zilichukuliwa dhidi ya wanunuzi waliokutwa na magunia yanayozidi kilo 100?" Humo hakuna huruma wala kilio. Kuna idadi, mahali na muda, na kimoja kikikosekana kwenye jibu, hata mtoto wa darasa la tano atakiona.

Kilo 100 hatukuzitunga sisi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake ndizo zinazoweka ukomo huo kwenye ufungashaji wa mazao. Ndiyo maana sikutaka tuombe sheria mpya. Iliyopo inatosha, tulichotaka kujua ni inafanya kazi wapi.

Nimemtumia nyongeza za aina tatu. Akipewa takwimu za Mbeya, aulize kuhusu mizani. Akipewa za nchi nzima, adai za Mbeya na tarehe. Akiambiwa elimu inaendelea kutolewa, aulize ilitolewa kijiji gani. Amejibu kwa kidole gumba.

Saa 3 kamili

Tumekaa watatu mbele ya simu yangu: mzee wa ulinzi, dada anayetuletea chai na chapati, na mimi. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuwa TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, wengi vijijini walipoteza dirisha lao. Sasa mwenye bando anatazama mtandaoni. Asiye na bando anasubiri kusimuliwa.

Dua imesomwa, hati zimewekwa mezani, Katibu ameita maswali. La kwanza ni maji, la pili ni kituo cha afya. Mwenye swali la pili hayupo, mwenzake anasimama kuliuliza kwa niaba yake. Hapo huwa nawaonea huruma wapiga kura wa aliyekosekana, maana wa niaba anasoma vizuri lakini nyongeza anaipapasa, kijiji chenyewe hakijui.

Namba tatu. Mheshimiwa amesimama, ameomba swali lake lijibiwe, ameketi. Naibu Waziri naye: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Jibu halikuwa baya. Ameitaja sheria, ameithibitisha kilo 100, ameeleza adhabu zipo na ukaguzi unafanyika nchini kote. Mzee wa ulinzi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nimeshika kalamu nikisubiri neno Mbeya, na halikuja.

"Mheshimiwa Spika, ahsante. Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza." Hayo "majibu mazuri" ni adabu ya mahali pale. Hata aliyeambiwa hapati kitu husema hivyo hivyo. "La kwanza: niliuliza kuhusu Mkoa wa Mbeya. Takwimu za Mbeya nitazipata lini? La pili: je, Serikali iko tayari kuhakikisha kila kituo cha kununulia viazi kina mizani iliyohakikiwa, ili mkulima auze kwa kilo?"

Naibu Waziri ameinuka bila karatasi. Sekunde hizo ndizo nazipenda. Takwimu za mkoa, amesema, atampatia Mheshimiwa Mbunge kwa maandishi kabla ya Mkutano huu wa Bunge kumalizika. Kuhusu mizani, yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge la Bajeti wakajionee wenyewe.

Dada wa chai amecheka. "Kuongozana tena! Wakiongozana hao sisi tunapika wali tu." Hana kosa. Lakini "kabla ya Mkutano huu kumalizika" nimeiandika na kuipigia mstari, kwa sababu Bunge la Bajeti huishia Juni, na mwaka wa fedha mpya unaanza Julai mosi. Hiyo sasa ni tarehe, imesemwa mbele ya Spika, na itakuwamo kwenye Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge.

Baada ya hapo wameinuka wabunge wengine, na mmoja wa mkoa jirani amepewa nafasi kuuliza mbona kwake hali ni hiyo hiyo. Nimefurahi kuliko alivyofurahi yeye. Lumbesa huwezi kuizuia wilaya moja. Ukibana huku, mnunuzi anahamisha lori kwenda Njombe au Iringa, na mkulima uliyemtetea anabaki na viazi vinavyoota macho.

Saa 5

Wageni. Mama mmoja ana barua ya ada ya mwanawe. Kijana anataka ajira. Kamati ya kijiji imekuja na kilio cha barabara, na kama kawaida kazi yangu ya kwanza ni kuwauliza ni barabara ipi. Barabara kuu na za mkoa ziko kwa TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Za wilaya, vijijini na mitaani ziko kwa TARURA, chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Swali likienda kwa waziri asiyehusika, limekwenda kutalii.

Mwenyekiti wao ameuliza mbona watu wa mjini hawakuwa wanasikika sana bungeni miaka iliyopita. Nimemkumbusha: tangu Februari 2022 hadi Bunge la 12 lilipomaliza muda wake mwaka 2025, Mbunge wa Mbeya Mjini, Dkt. Tulia Ackson, ndiye aliyekuwa Spika, na aliyekalia kiti cha Spika haulizi mawaziri maswali, anawaita wanaouliza. Nyanda hizi zimezoea kutoa maspika. Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikalia kiti hicho kwa vipindi viwili kati ya 1962 na 1994, na Anne Makinda, Mbunge wa Njombe Kusini, akawa mwanamke wa kwanza kukikalia, mwaka 2010. Mwenyekiti akasema, "Basi na sisi tupate wa kuuliza."

Saa 7 mchana

Ndizi na maharage, haraka.

Saa 8:30

Kosta hadi Isyonje, kisha bodaboda kupanda Uporoto. Huku juu upepo unapita ndani ya koti. Nimefika kwenye kituo cha kununulia wakati lori la Dar es Salaam linapakia. Magunia yamejazwa hadi mdomoni, halafu juu yake kimeongezwa kipande cha neti, kimeshindiliwa viazi vingine na kushonwa kwa kamba. Vijana wawili wanashindwa kulinyanyua, anaongezwa wa tatu.

Wakulima wamekusanyika pembeni. Nimewasomea jibu la Serikali neno kwa neno kutoka kwenye daftari langu, bila kulipamba. Mzee mmoja mwenye fimbo amesikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, tumekusikia. Sasa huyu akija kesho na neti yake, mimi nimwambie Naibu Waziri amesema?"

Watu wamecheka, nami nimecheka nao, halafu nikamjibu ukweli: hapana, kesho hamwambii hivyo. Mnunuzi naye ana hesabu yake. Usafiri hadi Dar es Salaam analipia kwa gunia, kwa hiyo kila kiazi kinachoshindiliwa juu kinasafiri bure. Mkulima mmoja akikataa, jirani yake ana karo ya kulipa na atakubali. Swali la bungeni halilivunji jambo hilo. Linachofanya ni kumwondolea mwenye mamlaka nafasi ya kusema hakuwa na habari, na kumwekea siku ya kurudi na majibu.

Sijui kama nilimridhisha. Alisema "ndaga", asante ya huku kwetu, na kuegemea fimbo yake.

Kilichonipa kazi mpya ni mama aliyenivuta kando, "Dada katibu, hebu ona," akanionyesha stakabadhi ya ushuru wa mazao. Imeandikwa idadi ya magunia na kiasi cha fedha. Uzito haumo. Nimeisoma mara mbili. Ushuru wa mazao ni asilimia ya thamani ya mazao yenyewe. Ukitozwa kwa gunia na gunia likawa lumbesa, aliyepunjwa si mkulima peke yake, na halmashauri nayo imepunjwa, tena kwa mkono wake mwenyewe. Nimeomba kuipiga picha nikiziba jina lake. Akasema nisizibe. Nimeziba.

Kabla ya kuondoka tumeazima mizani ya mwenye duka la mbolea na kupima magunia matatu kwa kuyagawa, mnunuzi akitutazama bila kusema neno. Hakuna lililokuwa chini ya kilo 100 hata kwa mbali. Uzito wake nimeuandika pamoja na tarehe.

Saa 12 jioni

Bodaboda, kosta, foleni.

Saa 2 usiku

Mheshimiwa amepiga. Sauti imechoka, huko wametoka kikao cha jioni sasa hivi. Nimemsomea barua niliyoandaa kwenda wizarani: namba ya swali, kikao, tarehe, maneno ya Naibu Waziri kama alivyoyatamka, na ombi la takwimu za Mbeya kwa maandishi. Ametaka nipunguze shukrani, aya nzima ilikuwa ya kushukuru. Kisha nikamweleza kuhusu stakabadhi.

Kimya kidogo. "Hiyo ni ya TAMISEMI."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimeandika hivi: Je, katika halmashauri za Mkoa wa Mbeya, ushuru wa viazi unatozwa kwa uzito au kwa gunia, na kama ni kwa gunia, thamani inakokotolewaje?"

"Wataniambia niulize kwenye baraza la madiwani. Na wana haki, mimi ni mjumbe kule."

"Tuanzie huko?"

"Anzia huko. Kesho nenda kwa mweka hazina, muombe kwa barua, usimuombe kwa mdomo. Akikujibu vizuri, swali tumeliokoa. Asipojibu, tunaliambatanisha na barua tuliyomwandikia."

Nimefungua ukurasa mpya nikaanza: *Ndugu Mweka Hazina*.