Bobini Ikiisha, Nainuka

Januari 2016, wiki ya kufungua shule, niliinama kuchukua jora la kitambaa cha bluu lililokuwa chini ya meza. Halikuwa zito, majora nimeyabeba tangu nikiwa najifunza ushonaji. Safari hii kitu kiunoni kikalia ka! kama kijiti kikavu, nikabaki nimeinama vilevile, mkono mmoja mezani, macho kwenye viatu vya mteja. Kwanza nilicheka. Kisha nikajaribu kunyooka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na mwezi wa kwanza ndio mavuno yetu. Jioni ile mama alinichua kwa mafuta ya nazi, nikameza vidonge viwili, na alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani. Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshapokea nusu ya malipo ya sare 40, na hela yenyewe ilishaliwa.

Baada ya kama wiki tatu maumivu yakashuka. Sisemi yalipungua, nasema yalishuka. Yalitoka kiunoni yakaingia tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja, yakafuata shavu la mguu hadi kidole gumba. Kidole kikafa ganzi, nikikigusa ni kama nagusa cha mtu mwingine. Chafya ikija, nashika ukuta kwanza. Nikapigwa eksirei, daktari wa zamu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Mifupa mizima, mama. Punguza mawazo." Nilitoka pale nikijiona mwongo mbele ya mume wangu, aliyekuwa amenishika mkono ngazini.

Mwaka ule wote niliishi kwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Muuzaji wa duka la dawa alikuwa ameshanizoea. Akiniona navuka barabara anaanza kukata vidonge kumi kabla sijasalimia. Siku zenye kazi nyingi nilikuwa nachomwa sindano kabisa. Hakuna aliyeniuliza nimekula au sijala, na mimi sikuuliza kitu. Ikafika siku nikaona choo cheusi kama lami, kinanata, kichwa kinazunguka. Nililazwa na kuongezewa damu chupa mbili. Vidonda vya tumbo. Daktari wa wodini ndiye wa kwanza kunieleza kwamba dawa za jamii ile hula utando wa tumbo na huelemea figo, kwamba zina siku zake na hazimezwi kama karanga. Kama unasoma hapa na una pakiti yake kwenye pochi, choo cheusi si cha kusubiri kesho.

Wifi yangu yeye alikuwa na jibu jingine: nimekanyaga kitu. Mfa maji haachi kutapatapa, kwa hiyo nilikwenda. Nilitoa kuku mweusi na fedha, nikachanjwa chale kwenye kifundo cha mguu. Chale zilipona vizuri sana.

Mwaka 2017 nikaenda Dar kupiga MRI, picha inayoonyesha hata diski na neva, si mifupa tu. Kiti cha basi nilikilipia lakini karibu nusu ya njia nilisimama, konda ananitazama kama mtu mwenye kasoro. Picha ikaonyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kugusa mzizi wa neva. Daktari bingwa alinieleza kwa lugha ya jikoni: kitumbua ukikibana upande mmoja, cha ndani huchungulia upande wa pili. Akanipima nguvu ya mguu, akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole, halafu akasema hanipasui. Diski nyingi za namna ile husinyaa zenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Ila akanikabidhi mambo matatu ya kuyaogopa: nikishindwa kuzuia haja au mkojo ukagoma kutoka, nikipata ganzi sehemu za siri pale mtu anapokalia tandiko, au mguu ukianza kulegea na kuburuta, nikimbie hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe Idi.

Nilipofika nje nililia. Watu hulia wakiambiwa watapasuliwa, mimi nililia kwa kunyimwa kisu. Nilikuwa nimeshajipangia kichwani: nitapasuliwa, nitalala mwezi, nitaamka mzima.

Aliyenisaidia hatimaye alikuwa kijana wa fiziotherapia, umri wa mdogo wangu wa mwisho, anayeniita mama kila baada ya maneno matatu. Hakuanza na mgongo. Aliuliza, "Mama, ukikaa kwenye cherehani, mguu unaanza kukuita baada ya dakika ngapi?" Sikujua. Mwaka mzima na zaidi naumwa, sijui. Akanipa kazi ya daftari: wiki nzima niandike saa niliyokaa na saa mguu ulipoanza. Ikatoka dakika 35, siku nyingine 40.

"Basi utakuwa unainuka kwenye 25."

"Lakini kwenye 25 sisikii chochote."

"Ndiyo maana, mama."

Nilimwona mtoto. Fundi gani anainuka wakati hana tatizo? Lakini lile daftari lilikuwa limeshanisema. Jumatatu nilijisikia nafuu, nikashona hadi saa nne usiku kufidia. Jumanne, Jumatano, Alhamisi: kitandani. Ijumaa nafuu, nikafidia tena. Kumbe siku mbaya hazikuwa zikiniangamiza, ni zile nzuri. Kila nilipopata unafuu niliutumia wote siku hiyo hiyo, kama mtu aliyepokea mchezo wa upatu akapitia dukani moja kwa moja.

Akanifafanulia pia kwamba maumivu yakishazidi miezi mitatu hivi, neva zenyewe hubadilika tabia. Nilielewa kwa mfano wa mbwa wa getini: ameona mwizi mara moja, sasa anambwekea hadi muuza mkate. Muuza mkate si mwizi, lakini kubweka kunasikika, si uongo. Neno hilo lilinipoza moyo kuliko kidonge. Na akasema wapo watu wengi wasioumwa popote ambao ukiwapiga picha utakuta diski zimechomoza kama yangu, kwa hiyo nisiitundike ile picha kichwani kama hukumu.

Kuinuka sasa. Nilitega kengele ya simu, ikashindwa siku ya kwanza. Ikilia nina kola chini ya sindano, najiambia namalizia hii tu. Fundi hana "hii tu". Baada ya kola kuna mkono, baada ya mkono kuna pindo.

Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini ya cherehani. Uzi huo ukiisha hakuna mjadala: sindano inapiga, cherehani inaunguruma, lakini mshono haushiki, unavuta kitambaa kinaachia. Nikajaribu bobini iliyojaa nusu kwa sare za shule, nikaona inanipeleka dakika 20 na kitu. Tangu hapo asubuhi najaza bobini sita nusu nusu na kuziweka kwenye kopo la Blue Band. Moja ikiisha, nainuka. Naweka viganja kiunoni, najipinda kwa nyuma mara kumi, natembea hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi, ndipo natia nyingine. Kopo likiwa tupu, asubuhi yangu ya kukaa imekwisha, hata kama najisikia naweza kushona meli. Mchana ni kazi za kusimama: kukata, kupiga pasi, kutia vifungo.

Kukata nako nilikuwa nakukosea miaka yote. Nilikuwa natandaza kitambaa kwenye mkeka, nainama juu yake na mkasi saa nzima. Seremala akaninyanyulia meza hadi usawa wa nyonga, na cherehani akaiwekea vigogo viwili chini. Baadaye nikafunga mota ndogo, pedali mguu wa kulia, mguu wa kushoto ukastaafu kukanyaga. Umeme ukikatika natia vifungo.

Mazoezi yalikuwa mengine ya kuchekesha kwa jinsi yalivyo madogo. Nalala kifudifudi kwenye mkeka baada ya alfajiri, nainua kifua kwa viwiko, baadaye kwa mikono iliyonyooka, kiuno kikibaki chini. Siku kama ya tisa kidole kiliacha kuwaka, lakini kiuno kikauma kuliko mwanzo. Nikampigia kijana nikiwa na hasira zangu. Akacheka. "Mama, hayo yanarudi nyumbani." Maumivu yakitoka kidoleni, yakapanda kwenye shavu la mguu, yakapanda pajani na kuishia kiunoni, ni habari njema, hata kama kiuno chenyewe kinakupigia kelele. Yangekwenda kinyume, yaani zoezi likayasukuma chini zaidi mguuni, ningetakiwa kuacha. Hii nayo niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari.

Usiku ndio uliokuwa mgumu zaidi. Nalala ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti. Daktari aliniandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi nikaona imeandikwa ya sonona, nikarudi duka la dawa kifua mbele: mimi naumwa mguu, siumwi akili. Mfamasia, Mungu amlipe, aliniketisha akanieleza kwamba kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva na kuleta usingizi. Inakausha mdomo kama niliyekula unga mkavu, na wiki za kwanza niliamka nimelewa. Lakini nililala. Mtu aliyelala saa sita anayabeba maumivu yale yale tofauti kabisa na aliyekesha. Na kuhusu sonona, nakiri yule aliyeandika karatasi hakuwa mbali sana na mimi.

Kilichoniuma kwa namna nyingine ni sala. Kurukuu kulikuwa kunanikata, na kuinuka kutoka sijida nilikuwa najishikilia kitanda. Kusali kwenye kiti niliona aibu, kiti ni cha bibi, mimi nilikuwa sijafika 40. Shehe wa mtaani akanikumbusha hadithi ya Imran bin Huswain, aliyemuuliza Mtume na kujibiwa: sali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Kisha akaongeza kwamba Imran mwenyewe alikuwa na bawasiri. Sijui kwa nini hiyo bawasiri ndiyo iliyonitua mzigo. Nikaenda kuchukua kiti.

Nyumbani ndoo ya lita 20 imebaki pambo. Maji tunachota kwa madumu ya lita 5, moja kila mkono, na mara nyingi anachota mume wangu. Mwanzoni walimcheka kisimani, wakamwita majina. Akawaambia mke wake ndiye anayemshonea suruali, wao wamevaa mitumba. Ugomvi tumegombana pia, na sana. Mtu anayeumwa kila siku anachosha, mimi mwenyewe nimejichoka mara nyingi. Kilichotusaidia ni namba. Sisemi tena "naumwa", neno hilo lilishakufa kwa kutumika. Nasema "leo tatu" au "leo saba", kati ya kumi. Tatu, maisha yanaendelea. Saba, yeye anapika na wanangu wanajua televisheni isipige kelele.

Maana sijapona. Ninavyoandika haya, nimesimama kwenye meza ya kukatia, ni tatu. Wiki jana kulikuwa na saba mbili mfululizo, baada ya safari ya Korogwe kwenye msiba. Siku za saba zamani nililala chali kuanzia asubuhi hadi jioni, nikaamka mgongo umekuwa ubao. Sasa nakandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, natembea hadi kwenye mwembe kila saa hata kama natembea kama kaa, na bobini najaza robo badala ya nusu. Robo. Siachi kabisa. Jumapili jioni, bahari ikiwa imejaa, tunakwenda Raskazone nikatembee kwenye maji yaliyonifika kifuani. Humo ndani kiuno hunisahau kwa karibu nusu saa.

Kazi imepungua, siwezi kudanganya. Sare 40 kwa wiki sizipokei tena. Napokea 15, nyingine nampelekea fundi mwenzangu wa barabara ya pili na yeye ananiletea magauni ya harusi, ambayo yana hela na hayana haraka. Nikipokea kazi nahesabu bobini zake kwanza, ndipo nataja siku. Sisi mafundi mnatujua: tukisema Alhamisi, wewe hesabu Jumanne ijayo. Juzi mama mmoja, mteja wangu wa zamani sana, alikuja Alhamisi kupiga soga tu, maana alijua haiwezi kuwa tayari. Nikamtolea gauni limepigwa pasi, limekunjwa. Akalikagua mshono kwa mshono, ndani na nje, kama mtu anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hili gauni kweli ni la kwake.