Kabla ya kulipa kozi ya Kiingereza Lubumbashi, uliza idadi ya saa za masomo

Matangazo ya kozi za Kiingereza katika mji wetu yanahesabu miezi: miezi mitatu, miezi sita, kisha cheti. Mimi hufundisha masomo ya jioni, na kila anayekuja kuniuliza kuhusu miezi humrudisha kwenye saa.

Ngazi za ujuzi wa lugha zinazofuatwa na shule nyingi, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mjuzi kabisa, zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na wanaotunga mitihani ya Cambridge hukadiria kwamba anayeanza mwanzo kabisa huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike A2, na jumla ya saa 500 hadi 600 ili afike B2. Sasa chukua kozi ya siku tatu kwa juma, saa moja na nusu kila siku. Kwa miezi sita mwanafunzi atapata saa zisizozidi 120, hata asipokosa siku moja na umeme usipokatika. Mtu huyo hajafika A2 bado, na cheti kinachomtaja kuwa mjuzi wa ngazi ya juu kitamwaibisha siku atakapoitwa kwenye mahojiano ya kazi. Anayetaka kulipa aulize pia darasa lina watu wangapi, kwa maana wakiwa 40, dakika 90 hizo zinampa kila mmoja dakika mbili tu za kuzungumza, tena mwalimu akinyamaza, jambo ambalo sisi walimu hatulipendi.

Kozi za kujiandaa kwa IELTS au TOEFL, mitihani ya kimataifa ya Kiingereza, ni za mtu ambaye lugha anayo tayari. Zinafundisha mwendo wa mtihani, na matokeo yake hutumika miaka miwili tu, kwa hiyo asiyejua bado ataomba wapi nafasi ya masomo asiharakishe.

Kozi ninayoiona ikikosekana zaidi ni ya watu wa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia. Mpakani pale wachuuzi na madereva husikilizana vizuri kwa Kibemba na Kiswahili, na hakuna anayeshindwa kununua unga kwa sababu ya Kiingereza. Shida iko kwenye karatasi, kwani Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Zambia, na ankara, hati za mzigo na karatasi za mizani ya kupimia malori huandikwa kwa lugha hiyo. Wakala wa forodha akichanganya uzito wa lori pamoja na mzigo na uzito wa mzigo peke yake, hati hurudishwa na lori likabaki foleni. Hata hivyo, mtu huyo akienda kujiandikisha, hupewa kitabu kinachoanza na salamu na majina ya matunda.

Kwa watu hao mimi huanza na nakala ya karatasi ya mizani. Wanasoma kimya, wanaonyesha kwa kalamu kila uzito ni wa kitu gani, wanatoa uzito mmoja kutoka kwenye uzito mwingine waone kama hesabu inakubali, halafu wanaandika ujumbe mfupi wa kuomba tarakimu moja isahihishwe. Mazungumzo huja baadaye, wakati wa kusoma ujumbe huo kana kwamba ni kwa simu. Anayekuja bila msingi wowote mimi humpeleka kwanza kwenye darasa la jioni la kawaida mpaka akaribie A2, na wengi hukasirika, hasa wale ambao waajiri wao wamekwisha kuwalipia.