Samli ya njano

Niliondoka Tanga mwaka 2011, nikarudi 2022. Katikati hapo nilikuwa Ayalandi, nakamua ng'ombe kwenye shamba moja karibu na Cork, na kilichoanza kunivuta kurudi ni rangi ya siagi.

Kule majira ya baridi ng'ombe hufungiwa bandani wakala saileji, yaani majani yaliyovundikwa. Baridi ikipungua wanafunguliwa malishoni, na haipiti muda siagi inakuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mara ya kwanza kuiona nilisimama jikoni kwa watu nikamkumbuka bibi yangu wa Tongoni. Samli yake masika ilikuwa njano. Ikifika Januari na Februari, jua limeshaunguza kila kitu, inapauka. Sisi watoto tulidhani anatia manjano. Kumbe majani mabichi yana karotini, ileile inayoipa rangi karoti na embe, na ng'ombe huihifadhi kwenye mafuta yake. Majani yakikauka juani nayo hupotea. Bibi hakuwahi kusikia neno karotini, lakini akiitazama samli alijua wachungaji wamepeleka ng'ombe wapi.

Nilirudi bibi ameshatangulia mbele ya haki. Shamba lake, ekari 21 za minazi mizee, lilikuwa chini ya uangalizi wa mjomba, na kichaka kilikuwa kinakufika kifuani. Nikamwambia mjomba nataka kufuga ng'ombe wa majani matupu, bila pumba wala mashudu. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani hapa ng'ombe walikuwa wanakula nini?"

Alisema kweli. Pwani yetu watu wamelisha ng'ombe chini ya minazi tangu zamani. Ng'ombe anasafisha, mbolea inabaki palepale, na nazi ikidondoka inaonekana. Nilichokuja nacho mimi ni jambo moja tu, kuyapumzisha majani. Zamani ng'ombe walizagaa shamba zima kila siku. Jani tamu likichipua vidole viwili limeshaliwa, likichipua tena linaliwa tena, mpaka mzizi unachoka kwa sababu unaishi kwa chakula kinachotengenezwa na jani. Mwisho linabaki lile gumu lisilopendwa na ng'ombe yeyote, na hapo ndipo kichaka kinapoingia.

Basi nimeligawa shamba vipande 14 vya ekari moja na nusu kila kimoja, kwa waya wa umeme wa sola. Ng'ombe wangu 11 wanakaa kipande kimoja siku mbili, kisha wanahama. Kikija kuguswa tena kimepumzika siku 26. Wanaingia majani yako magotini, wanatoka yamebaki shubiri moja, na hiyo shubiri siiachii hata nikibembelezwa. Kiangazi majani hayakui, kwa hiyo nahamisha polepole zaidi, siku nne kila kipande, na najazia kwa hei, yaani majani ya kukausha, niliyokata baada ya masika pamoja na matawi ya lusina, mti wa malisho. Lusina nayo ni ya kiasi. Ikizidi theluthi ya chakula ina sumu inayonyonyoa manyoya.

Asubuhi ya kuhama ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Wanajua. Nikishika tu waya wanajipanga mlangoni, nao wakishaingia husikii kitu ila ulimi unavyozungusha fungu la majani na kulikata, kr, kr, kr. Saa nzima hakuna anayeinua kichwa. Halafu mmojammoja wanalala kivulini kucheua, na ukikaa karibu unaliona tonge likipanda shingoni, linatafunwa, kimya kidogo, linashuka, linapanda jingine.

Sasa niseme kosa langu, maana kuna wenzangu wanaotaka kurudi na watalirudia. Mwaka wa kwanza nilinunua mitamba wanne mnadani, wazuri, wananing'iniza nundu, na sikuuliza chanjo. Ayalandi ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haipo, nikawa nimesahau kwamba kwetu kupe wa masikio huua. Wiki ya tatu mmoja akaacha kula. Nilipompapasa chini ya sikio mtoki ulikuwa umevimba kama limau. Kesho yake anahema shingo ameinyoosha mbele, povu jeupe linatoka puani. Bwana mifugo alikuja, akachoma sindano, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa maji. Akafa usiku nimemshika kichwa. Nililia, nami ni mtu mzima.

Chanjo yake ipo na inafanya kazi. Mnyama anachomwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo anachomwa oksitetrasaikilini ya muda mrefu ili asilemewe. Kwa kawaida mara moja inatosha kwa maisha yake yote. Sasa kwangu hakuna anayeingia bila chanjo. Kuogesha bado naogesha, kwa sababu kupe ana magonjwa mengine.

Nyama nayo ina kisa chake. Fahali wangu wa kwanza alipochinjwa, muuza bucha alitazama mafuta ya njano akasema huyu ng'ombe mzee, akataka kushusha bei. Nilikata kipande, tukakipika hapohapo kwa chumvi na ndimu, wakaonja watu sita waliokuwa wamekaa barazani. Bei haikushuka. Lakini nasema wazi, fahali wa majani hakimbii. Wangu huchukua miaka mitatu na zaidi kufikia uzito wa kuuzwa, na asiye na subira hiyo atafute biashara nyingine.

Mwaka huu mwezi wa tano, mvua imeshika hasa, shangazi alipata maziwa ya ziada, akayagandisha, akatikisa kibuyu tangu alfajiri. Akaiweka siagi motoni mpaka povu likatulia, akaimimina kwenye chupa. Mjomba akaichukua, akatoka nayo nje, akaiinua kuelekea jua. Hakusema neno. Akairudisha ndani, akaiweka kwenye kile kirafu cha dirishani ambako bibi alikuwa akiweka yake.