Mtoto wa Mwanza kwenye kiti cha Misri

Wadau habari za huko. Mimi niko Columbus, Ohio, nasoma, na hapa chuoni kuna kitu wanaita MUN, yaani wanafunzi wanaigiza Umoja wa Mataifa, kila timu inapewa nchi, mnavaa suti, mnakaa nyuma ya kibao chenye jina la nchi yenu, mnatoa hotuba, mnaandika rasimu ya azimio na kuzunguka ukumbini kutafuta nchi za kuwaunga mkono. Kabla ya mkutano kila timu inatuma karatasi ya msimamo, kurasa mbili hivi, inayosema nchi yetu inataka nini kwenye ajenda. Wengi wanadhani kazi ni kuongea mbele za watu, ila mimi nawaambia kazi yote iko kwenye hizo kurasa mbili. Na timu yetu ikapangiwa Misri, ajenda ni mito inayovuka mipaka.

Sasa mimi nimekulia Kirumba, Mwanza. Mjomba wangu anaishi Shinyanga na maji ya bombani kwake yanatoka Ziwa Victoria, ziwa linaloulisha mto Nile wa Misri, yanavutwa kuanzia Ihelele kule Misungwi. Nikampigia simu. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Yaani umeenda Marekani kuwatetea Wamisri kwenye maji yetu haya haya?"

Swali lake nililichukulia kwa uzito kwa sababu historia yake ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana barua na Misri kwamba kwenye makoloni yake hakuna atakayejenga kitu kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yanayoilisha, kitakachopunguza maji ya Misri, mpaka Misri ikubali. Tanganyika imo humo, Kenya na Uganda zimo. Mwaka 1959 Misri na Sudan wakagawana maji wao wawili, Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5, na Ethiopia inayotoa sehemu kubwa kabisa ya maji hayo haikuitwa hata kusikiliza. Mwaka 1962 serikali ya Nyerere ikazijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba ule mkataba wa 1929 hauwezi kuifunga Tanganyika huru. Ndo maana ule mradi wa kupeleka maji Kahama na Shinyanga ulijengwa bila kuomba ruhusa Cairo.

Kwa hiyo unaona nilivyoanza, niko na upande wangu tayari na nimepewa upande wa pili. Na hapa ndo nataka niseme kwa wale mnaokuja kusoma huku na mtakutana na hizi MUN: msimamo wa nchi usiutafute kwenye maoni ya watu wanaoichukia wala wanaoipenda, utafute kwenye vitu vitatu, ilisaini nini, ilikataa kusaini nini, na ilipiga kura vipi halafu ikajieleza vipi. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka kabisa. Maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa iko wazi, bure, unaingia unapata kumbukumbu za vikao neno kwa neno.

Mfano ulionifungua macho ni huu. Tarehe 21 Mei 1997 Baraza Kuu lilipigia kura mkataba wa matumizi ya mito ya kimataifa, azimio 51/229. Nchi 103 zikakubali, 3 zikakataa, 27 zikajizuia. Kenya na Sudan walikubali. Burundi ilikuwa kati ya zile tatu zilizokataa, pamoja na China na Uturuki. Tanzania na Rwanda wakajizuia. Sasa angalia nani mwingine alijizuia: Misri na Ethiopia, wote wawili! Mtu akiangalia ubao wa kura tu ataandika kwamba hizi nchi mbili zina msimamo mmoja, kumbe Misri hofu yake ilikuwa mkataba mpya usije ukagusa mikataba ya zamani inayoilinda, na Ethiopia ililalamika kwamba mkataba hauna uwiano, unazibana mno nchi za juu ya mto. Kura moja, sababu zinapishana kabisa, na usiposoma maelezo baada ya kura huwezi kujua.

Halafu kuna CFA, ule mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile uliofunguliwa kusainiwa Entebbe Mei 2010. Nchi sita zilisaini ndani ya mwaka mmoja, Ethiopia, Uganda, Rwanda, Tanzania, Kenya, halafu Burundi Februari 2011. Misri na Sudan wakagoma. Nilikuwa nasikia tu kwamba Misri ina ubinafsi, basi, lakini ukifungua mkataba wenyewe unakuta ugomvi mzima uko kwenye kipengele kimoja, 14(b). Nchi za juu zilitaka kiseme kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa mwenzake. Misri ilitaka kiseme hakuna itakayoathiri usalama wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa. Hayo maneno ya mwisho ndo bilioni 55.5 zenyewe. Miaka ya mazungumzo imekwama hapo, na timu yetu karatasi yetu tuliijenga juu ya hapo badala ya kujaza kurasa na sifa za mto Nile.

Kiukweli nilipokaa na takwimu za Misri nilielewa woga wao. Watu zaidi ya milioni 100, mvua karibu hakuna, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yao safi ni mto huo mmoja ambao chanzo chake hakiko kwao. Ethiopia ikaanza kujenga GERD, bwawa lake kubwa la umeme kwenye Nile, Aprili 2011, hifadhi yake ni mita za ujazo bilioni 74, yaani kuzidi mgao wa Misri wa mwaka mzima. Bado naamini Nyerere alikuwa sahihi na nitaendelea kuamini, lakini sasa naweza kusimama dakika mbili nikaongea kama mwakilishi wa Cairo bila kuigiza mtu mbaya. Kuna wanafunzi wanapewa nchi wasiyoipenda wanaifanya kichekesho ukumbini, inaniuma sana, kwa sababu mwisho wa siku hakuna aliyejifunza kwa nini mazungumzo ya kweli hayamaliziki.

Kitu kingine, angalia nchi inaongea wapi. Misri GERD iliipeleka Baraza la Usalama, kikao cha Julai 2021 waziri wao wa mambo ya nje wa wakati huo, Sameh Shoukry, alienda mwenyewe, wakati Ethiopia ilitaka mambo yabaki Umoja wa Afrika. Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka ule. Septemba Baraza likatoa tamko la rais wake, likawarudisha wote kwenye mazungumzo ya Umoja wa Afrika. Kwa hiyo ukiwa Misri kwenye MUN halafu unapendekeza kila kitu kiishie Addis, yaani kwa Umoja wa Afrika, mwenyekiti anayejua atakuuliza.

Na usisahau pesa na saruji. Bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, wakandarasi walikuwa Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy, mkataba ulisainiwa Desemba 2018. Rufiji haina uhusiano na Nile hata tone, ila Misri kujenga bwawa kubwa kwenye nchi iliyosaini CFA ni diplomasia hiyo. Tuliiweka kwenye karatasi kama ushahidi kwamba Misri haipingi maendeleo ya nchi za juu, na ndo hoja iliyotuletea nchi nyingi za kuunga mkono rasimu yetu. Mjomba nilipomwambia hii akasema, "Hapo sasa umeongea."

La mwisho kwa atakayepangiwa nchi yoyote ya bonde la Nile, kuwa makini sana na tarehe. CFA ilianza kutumika 13 Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kujiunga, na GERD ilizinduliwa rasmi 9 Septemba 2025. Karatasi na miongozo mingi inayozunguka kwa wanafunzi iliandikwa kabla ya hapo, bado inaongelea ujazaji wa bwawa kama jambo linalokuja. Hizo zisome kwa ajili ya historia, halafu msimamo wa leo uuchukue kwenye barua na hotuba za baada ya hizo tarehe mbili.