Nilivyomzoesha Tausi kutoka peke yake

Tausi ni farasi jike aliyekimbia mashindano kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kabla ya kuuzwa awe wa kupandwa tu. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku mtaa wa Karen, na nilipokabidhiwa alikuja na sifa zake kamili. Akiwa na wenzake hata mtoto anampanda. Mtoe getini peke yake uone: anagoma, kichwa juu, anawaita wenzake kwa sauti inayofika barabarani, kisha anaanza kurudi kinyumenyume.

Wengi humwita farasi wa aina hiyo mkaidi. Mimi sikubali. Farasi wa mashindano hutoka mazoezini alfajiri kwa msururu na kurudi kwa msururu, na siku ya mbio yuko katikati ya wengine. Huyu alikuwa hajafundishwa upweke hata kidogo. Isitoshe, farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa na pale mbele ya paji la uso. Wakiwa kundi wanalindana. Akiwa peke yake, zamu yote ya ulinzi ni yake.

Kwanza nilimwomba mwenye farasi amwite daktari wa mifugo. Meno ya nyuma yalikuwa na ncha kali zilizomchoma shavu kila hatamu ilipovutwa, na tandiko lilimbana mabegani, kwa sababu mwili wake ulikuwa umebadilika tangu aache mbio. Meno yakasuguliwa, tandiko likabadilishwa. Kumpeleka msituni na maumivu yale kungekuwa kumfundisha woga.

Baada ya hapo sikupanda. Nilivaa kofia ngumu na glavu, nikashika kamba ndefu, nikatembea naye begani kwa miguu. Tulitoka getini, tukafika penye nyasi nzuri, akala, tukarudi kabla hajaanza kutoka jasho. Kesho yake tukasogea mbele kidogo. Kitu kimoja nilikishikilia sana: akirudi zizini hapati chakula papo hapo. Anafungwa, anapigwa brashi, anangoja. Nyasi tamu ziko huko nje, nyumbani hakuna cha kukimbilia.

Nilipoanza kumpanda, mzee mmoja wa kazi yetu alinitazama akacheka. "Kijana, mbona umekaza hatamu hivyo? Unamwambia na wewe umeona chui." Ni kweli kwamba mkono ukikaza, mgongo wa farasi nao unakaza. Mzee akaniambia nisihangaike kumtuliza, nimpe kazi. Basi masikio yakisimama kama misumari, namgeuza kushoto, kulia, hatua mbili za pembeni, simama, nenda. Farasi anayefikiria miguu yake anakosa nafasi ya kufikiria kichaka. Na mimi natoa pumzi ndefu, kwa sauti, maana anaisikia.

Tulimtumia pia mwenzake, dume mzee mtulivu aliyehasiwa. Walitangulia kwa zamu. Baadaye kwenye njia panda mmoja akashika huku, mwingine kule, wakakutana upande wa pili wa ua. Mara za kwanza Tausi alilia njia nzima. Kisha akaelewa kwamba kuachana kuna kukutana.

Bodaboda ndizo zilizotutesa kuliko wanyama. Nilijifunza kumgeuza aitazame pikipiki inavyokuja, badala ya kuisikia ikimjia kwa nyuma, na kuwapungia mkono waendeshaji wapunguze mwendo. Wengi hupunguza. Wachache hupiga honi, na hao siwazungumzii hapa. Lakini siku ngiri walipochomoka kichakani mbele yetu, mikia juu, Tausi aliruka pembeni, akasimama, akageuza sikio moja kwangu. Nikamwambia twende, akaenda. Zamani tungekutana nyumbani, yeye akiwa ametangulia.

Sasa tunazunguka peke yetu asubuhi nyingi. Siku ya upepo mkali simtoi bila mwenzake, kwa sababu kila kitu kinatikisika na hawezi kusikia vizuri kinachotoka wapi. Na kuna karakana ya mabati ambako nashuka nampitisha kwa miguu. Mwenye farasi huniuliza nitashuka hadi lini. Namjibu, "Mama, siku akipita pale na mimi chini bila kusimama, ya pili yake nitabaki juu."