6BG1 imefungwa, mgandamizo umekaa 18
Wakuu, ile 6BG1, injini ya dizeli ya Isuzu yenye silinda sita, imerudi kutoka kwa fundi leithi hapa Tabora. Silinda zimechongwa nusu milimeta: kipenyo 105.5, mwendo wa pistoni 125, yaani kila silinda sentimeta 1,093 za ujazo. Pistoni juu kabisa, valvu zimefunga, ringi zimezibwa grisi, tukajaza oili polepole kwa bomba la sindano kupitia tundu la nozeli (kipuliza dizeli) mpaka ikafurika. Imeingia sentimeta 64 za ujazo! Jumlisha 1,093 na 64, gawa kwa 64, unapata mgandamizo wa 18 kwa 1, yaani hewa inabanwa mara 18. Nimefurahi mno.

Nguvu je? Kuchonga kumeongeza ujazo asilimia 1 tu. Na huku mita 1,200 hewa ni nyepesi, injini haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani), kwa hiyo sitaki pampu iongezwe dizeli kuliko hewa iliyopo. Itatoa moshi mweusi na kuunguza pistoni.